Sinia la Kihabeshi na Njia ya Kasumulu

Miongoni mwa maakuli ya kigeni yaliyopata makao katika miji ya Afrika ya Mashariki, sijaona yaliyo karibu na tabia yetu kuliko maakuli ya Wahabeshi, kwa sababu ugeni wake umo katika ladha tu wala haumo katika adabu. Mtu aingiapo katika mkahawa wao wa kawaida, uwe wa Dar es Salaam au wa Nairobi, hunawishwa mikono, huketishwa penye kapu refu la majani lililosukwa kwa ustadi likafanywa meza, na baada ya kitambo huletewa sinia moja, liwe lake na la wote waliofuatana naye. Juu ya sinia hilo umetandazwa mkate mpana, laini, wenye vitundu vingi na uchachu wa kiasi, nao ndio injera. Na juu ya injera vimepakuliwa vitoweo, kila kimoja mahali pake, adesi nyekundu kando ya kabichi, mboga ya majani kando ya rojo la unga wa dengu waliitalo shiro, na katikati, ikiwa siku si ya mfungo, kuku aliyeungwa kwa vitunguu vingi na pilipili iliyosagwa pamoja na viungo, akiwa na yai zima la kuchemsha ubavuni mwake. Hakuna kijiko wala uma. Mkate ndio sahani na ndio kijiko, na mwisho wa karamu, ukiisha kulowa michuzi yote iliyoumwagikia, huwa ndio tonge tamu kuliko yote, ambalo walaji wenye staha huachiana.

Pishi hilo lastahili sifa yake kamili kabla sijaingia katika jambo lililonishikisha kalamu. Injera hupikwa kwa tefu, nafaka yenye punje ndogo kuliko hata za ulezi, ambayo Wahabeshi wameilima tangu kale katika nyanda zao za juu. Unga wake hukorogwa kwa maji, ukatiwa chachu iliyobakizwa kutoka katika pishi lililotangulia, ukaachwa siku mbili tatu uumuke, kisha humiminwa kwa kuzungusha juu ya kikaango kipana cha udongo na kufunikwa pasipo kugeuzwa, ndipo upande wa juu ukatoka vitundu vyake na upande wa chini ukabaki laini. Na mpishi wa pwani ajuaye kupika vibibi ataielewa kazi hiyo mara moja bila ya kuelezwa. Samli yao huchemshwa pamoja na viungo mpaka iwe na harufu ya kumwita mtu kutoka barabarani. Na kwa kuwa Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na kila Ijumaa, pamoja na misimu mirefu ya mfungo ambayo jumla yake hukaribia nusu ya mwaka, na katika siku hizo hawali nyama, wala maziwa, wala mayai, wapishi wao wamejifunza kwa karne nyingi kuzipa adesi, dengu na mboga za majani heshima ambayo kwingineko hupewa mbuzi na ng'ombe. Mtu wa kipato kidogo akila chakula hicho cha mfungo hajihisi kuwa amepunjwa, na tajiri akikila hajihisi kuwa ameshushwa.

Lakini fadhila kubwa ya sinia hilo ni gursha. Mwenyeji hukata kipande cha injera, akakiviringisha na kitoweo kilicho bora, akamtia mgeni wake kinywani kwa mkono wake mwenyewe, na mgeni hana budi kukipokea, kwani kukikataa ni kukataa mapenzi. Baada ya chakula hufuata kahawa, na kahawa yao haina haraka: buni hukaangwa mbele ya wageni, moshi wake ukapitishwa wauvute, zikatwangwa, zikachemshwa katika buli la udongo lenye shingo nyembamba huku ubani ukifukizwa, na kinywaji kikagawiwa katika vikombe vidogo duru tatu, ya tatu ikiwa ndiyo duru ya baraka, ambayo si adabu mtu kuondoka kabla haijamfikia. Nilipoketi mara ya kwanza katika mkahawa wa namna hiyo Dar es Salaam, na mama mwenye mkahawa, mtu wa makamo, akaja kunitia kinywani tonge la kwanza ingawa hakunijua jina wala ukoo, niliona haya, kisha nikaona furaha. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa Kyela, baada ya furaha nikaingiwa na fikira ambayo haijaniacha hata leo.

Sisi wa Kyela tunawajua Wahabeshi kwa hali nyingine kabisa. Barabara itokayo Uyole, ikapanda hadi Tukuyu katikati ya migomba na mashamba ya chai, ikateremka hadi uwanda wetu wa mpunga na kakao na kufika Kasumulu penye mto Songwe, ndiyo njia kuu ya kuingilia Malawi. Na Ziwa Nyasa lenyewe, kutoka Itungi hadi Matema, lina fukwe nyingi ambako mtumbwi waweza kuondoka usiku pasipo kuonekana. Kwa njia hizo mbili, ya nchi kavu na ya maji, wamepita kwa miaka mingi vijana wa Kihabeshi waendao Afrika ya Kusini kutafuta riziki, na habari za kukamatwa kwao katika wilaya yetu zimekuwa za kawaida hata hazimshitui msomaji. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilikisia kwamba wanaume kati ya 17,000 na 20,000 kutoka Afrika ya Mashariki na Pembe ya Afrika walikuwa wakisafirishwa kwa siri kuelekea kusini kila mwaka, na Waethiopia na Wasomali ndio waliokuwa wengi wao.

Si wote waliofika. Mwezi wa Juni 2012 chombo kilichowachukua Wahabeshi kilizama katika ziwa letu upande wa Karonga, si mbali na mpaka, wakafa maji watu zaidi ya 40. Na kabla mwezi huo haujaisha, maiti nyingine zaidi ya 40 za ndugu zao zikakutwa zimetupwa porini katika mkoa wa Dodoma, za watu waliokosa hewa ndani ya lori lililokuwa likiwapeleka huku kwetu wavuke kwenda Malawi. Mwezi wa Machi 2020, watu 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji, na 14 tu wakatoka wazima. Mwezi wa Oktoba 2022 likafukuliwa kaburi la pamoja katika wilaya ya Mzimba, kaskazini mwa Malawi, na miili iliyotolewa humo ilidhaniwa kuwa ya Wahabeshi. Ninaitaja misiba hii kwa tarehe zake kwa sababu yote imetokea katika njia moja, na Kyela ni kituo cha njia hiyo. Watu waliokufa Karonga na Tete na Mzimba, wengi wao yamkini walikanyaga udongo wetu, wakapita karibu na vyungu vyetu vikiwa mekoni, na sisi hatukuwaona, au tuliwaona tukaogopa.

Wala watu hawa si ajinabi kwetu kwa kadiri tunavyodhani. Vijana wengi waishikao njia ya kusini hawatoki Addis Ababa wala katika nyanda za tefu, bali hutoka katika nchi za Wahadiya na Wakambata, pande za mji wa Hosaena, ambako watu ni wengi na mashamba yamegawanywa kati ya ndugu na ndugu hata yakawa vipande visivyotosha kulisha nyumba. Chakula kikuu cha huko si injera. Ni mkate uitwao kocho, utokanao na mmea wa enseti, ambao kwa sura ni mgomba mtupu, una jani la mgomba na shina la mgomba, ila haulimwi kwa ajili ya tunda. Watu huparua shina lake na kuponda kiini cha chini, wakakifukia katika shimo lililotandikwa majani, kikachachuka kwa majuma au miezi, kisha kikafinyangwa na kuokwa. Enseti hupandwa kuizunguka nyumba, kama ipandwavyo migomba Rungwe na Kyela. Basi kijana wa Hosaena ashushwapo usiku kando ya barabara ya Tukuyu, na kulipopambazuka akaona nyumba zimejificha ndani ya majani mapana ya kijani, macho yake humwambia kwamba amerudi kwao, na tumbo lake, ambalo huenda halijapata kitu cha moto tangu alipoingizwa garini, humwambia vivyo hivyo.

Na je, katika nyumba hizo kulikuwa na desturi gani? Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa kwetu na kuwachunguza Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, na kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951, Good Company, kimeeleza kwa urefu vijiji vya marika ambavyo viliustaajabisha ulimwengu wa wataalamu. Wavulana wa umri mmoja walijenga vibanda vyao mbali na vya baba zao, wakalala humo, lakini walikula kwa mama zao. Wala hakuna aliyekwenda kula peke yake, bali kundi zima lilikwenda leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule, na kila mama alipika akijua kwamba chungu chake ni cha wana wa wenzake kama kilivyo cha wanawe. Ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako kwa kula, kunywa na kuzungumza, ulihesabiwa kuwa shule ya akili na adabu, na aliyekuwa mchoyo wa chakula hakuepuka dhana mbaya za majirani. Insafu yanitaka niseme kwamba ukarimu huo ulikuwa wa rika na wa kijiji, haukuwa wa kila mpita njia. Hata hivyo mtu aliyelelewa na mama kumi hawezi kusema kwamba kumlisha mtoto wa mama mwingine ni jambo asilolijua, na mimi, nilipolishwa lile tonge Dar es Salaam, nilitambua kwamba Wahabeshi wameihifadhi hai tunu ambayo sisi tunaanza kuisahau kwa kasi, sasa ambapo kila mtu ana sahani yake na wengine hula wakitazama simu zao.

Tena sisi wenyewe tulikuwa wapita njia. Babu zetu walikwenda kuchimba dhahabu Lupa katika Chunya, wakaenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengi wakaandikishwa na Wenela, wakala wa kuajiri wachimba migodi, kwenda katika migodi ya Afrika ya Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoikomesha biashara hiyo ya kuajiri watu wetu. Kijana wa Kinyakyusa wa siku hizo alikuwa na cheti cha mwajiri mkononi, na huyu Mhabeshi wa leo hana, na tofauti hiyo ni kubwa mbele ya sheria; lakini sababu iliyowatoa nyumbani ni moja, ardhi haba na tamaa halali ya kuoa, kujenga na kuwasaidia wazazi, na mahali walipopaelekea ni pamoja. Wazee waliorudi na mablanketi na baiskeli walitusimulia urefu wa safari. Hakuna hata mmoja wao aliyefika aendako pasipo kula kwa mikono ya watu asiowajua.

Nafika sasa kwenye neno ninalotaka kulisema. Mama lishe wa Kasumulu au wa Ipinda, ambaye kazi yake ni kuwapakulia watu wali na maharage au wali na usipa, akijiwa na kijana aliyekonda, asiyejua Kiswahili ila kuonyesha tumbo lake, huingiwa na hofu, kwa sababu hajui kama sahani atakayompa itahesabiwa kuwa hisani au kuwa ushirika katika uhalifu. Hofu hiyo haikuzuka bure. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, pamoja na marekebisho yaliyoifuata, ni kali kwa wanaowaingiza, wanaowaficha na wanaowasafirisha watu wasio na vibali, na wakuu wa serikali huwaasa wananchi kila mara watoe taarifa wawaonapo. Siulaumu ukali huo kwa madalali. Dalali huchukua fedha za mzee aliyeuza ng'ombe wake Hosaena, akampakia mwanawe garini kama gunia, na likitokea la kutokea akamtupa. Mtu huyo asakwe na afungwe, na ninatamani asakwe kwa bidii kubwa kuliko ilivyo sasa, maana aghalabu wanaofikishwa mahakamani ni waliopakiwa, na mwenye faida yuko mbali na simu yake. Lakini mama aliyetoa wali hakuchukua fedha, hakumficha mtu, wala hakumvusha mtu mto Songwe. Alifanya lile ambalo mwenye mkahawa wa Kihabeshi alinifanyia mimi, tena yeye alikuwa na sababu zaidi, kwani mimi sikuwa na njaa.

Nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba ukarimu wa namna hii utawaita wengine, na kwamba njia ikijulikana kuwa ina chakula itajaa. Nimeifikiri hoja hiyo kwa uaminifu, na siikubali. Kijana anayekubali kufungiwa ndani ya kontena hakuja kwa ajili ya sahani ya maharage ya Kyela, wala hatarudi nyuma kwa kuikosa. Atakachopata kwa kuikosa ni udhaifu utakaomwua garini mapema zaidi. Wengine husema hawa hawakimbii vita wala dhuluma, ni watafuta mali, basi hawana haki ya mkimbizi. Haki ya mkimbizi ni suala la mahakama na mikataba, nami siwaombei isiyo yao. Haki ya mwenye njaa ni ya kale kuliko mikataba yote, na Waislamu miongoni mwetu hawahitaji kukumbushwa kwamba sahaba wa kwanza wa Mtume waliohajiri, mnamo mwaka 615, walihajiri kwenda Uhabeshi, na kwamba Najashi, mfalme Mkristo, alikataa kuwakabidhi kwa wajumbe wa Makureshi waliomjia na zawadi mikononi. Aidha sikumbuki kwamba Tanzania ilipata hasara yoyote wakati Rais Magufuli, alipompokea Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia huko Chato mwezi wa Januari 2021, alipotangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa katika magereza yetu kwa makosa ya uhamiaji ili warudishwe kwao. Tendo hilo lilikuwa jema, na lilionyesha pia idadi ya watu tuliokuwa tukiwalisha gerezani kwa gharama ya hazina, miezi na miaka, ambao kuwarejesha makwao mapema kungekuwa nafuu kwa kila mtu.

Ningependa kuuona mkahawa wa Kihabeshi Kyela, wa watu wenye vibali vyao, wakilipa kodi yao kama sisi. Mchele wetu hauhitaji kutangazwa. Mbasa wa ziwa hili akiungwa kwa samli yao yenye viungo angekuwa kitoweo cha kuwasimamisha madereva wa malori. Na Wakisi wa Ikombe, ambao wake zao hufinyanga vyungu vyepesi vyenye nakshi na kuviuza katika gulio la Lyulilo karibu na Matema, wangeweza kufinyanga vikaango vya injera na mabuli ya kahawa kwa wepesi ule ule. Watoto wetu wangemjua Mhabeshi kwa uso ulioinuka, akiwa mwenyeji mbele ya sinia lake, kabla ya kumwona amepangwa chini na pingu mkononi kwenye picha ya gazeti.

Lakini mkahawa huo waweza kusubiri, na njaa haisubiri. Ninachokiomba kwa Idara ya Uhamiaji na kwa uongozi wa wilaya ni kitu kidogo kisichohitaji bajeti: waraka ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, utamkao kwamba mtu aliyempa mpita njia chakula, maji au dawa bila ya malipo, na bila ya kumficha wala kumsafirisha, hana kosa, na kwamba akitoa taarifa baada ya kumlisha hatawekwa ndani kuwa shahidi wala mshukiwa. Mwenye kukamatwa naye apewe chakula cha moto siku ile ile kabla ya maswali, na makanisa na misikiti ya Kyela, ambayo ina majiko makubwa kwa ajili ya misiba na sherehe, ishirikiane na kituo cha polisi kuchukua zamu, kwa kuwa bajeti ya mahabusu haikupangwa kwa watu thelathini wanaoletwa kwa mara moja. Na mkalimani wa Kiamhari au wa Kihadiya atafutwe, hata kwa njia ya simu, ili kijana aweze kusema jina la baba yake na la aliyemtoza fedha. Waraka huo ubandikwe katika ofisi za vijiji na vituo vya polisi kutoka Kasumulu hadi Matema, na nakala yake wapewe wenye mitumbwi ya Itungi na akina mama lishe wa stendi ya Kyela, maana wao ndio wanaofikiwa kwanza.